Pamba ya Fundi Magodoro

Dada wa skripti, kama walivyomwita kwenye ofisi hiyo ya udalali wa bidhaa, alifika kazini akakuta sukari imefunika kibodi yake. Aliigeuza juu chini, akaikung'uta, akawasha kompyuta. Msafishaji alikuwa ameshaleta beleshi badala ya ufagio, na alilalamikia mgongo tu.

Mambo hayo yalianza wiki ile meneja alipomwamuru aondoe ulinganisho. Skripti yake, programu ndogo ya kuwanunulia wateja bidhaa sokoni, ilikuwa ikisoma alichoandika mteja na kukilinganisha na jina la bidhaa iliyofunguliwa kwenye chati ya bei ya ofisi. Visipolingana, inagoma kununua. Tatizo, iligoma hata mteja alipotumia herufi ndogo au kuacha nafasi mwishoni, na wateja walifoka. Dada wa skripti aliomba nusu siku aifundishe kupuuza vitu hivyo.

"Nusu siku ya nini?" meneja alisema. "Toa huo mstari, watu wanunue."

Akautoa. Tangu hapo skripti hununua kilichopo kwenye chati, na kwenye chati kutwa kucha ipo shaba, kwa kuwa shaba ndiyo yenye kamisheni nono. Bidhaa walizoomba wateja wasizipate huja ofisini zenyewe. Juzi kahawa iliziba mlango wa choo. Meneja, mtu asiyependa kitu kipotee, alinunua magunia, akawa anazijaza humo na kuziuza kwa mlango wa nyuma.

Simu ikalia. Alikuwa mjomba wake, fundi magodoro aliyemlea tangu mama yake afariki. Mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, akauza karakana, na pesa yote alikuwa ameiweka kwenye akaunti yake ya ofisi hiyo.

"Mwanangu, nimeshaandika pamba. Nibonyeze?"

Kwenye skrini bei ya shaba ilikuwa ikiporomoka tangu asubuhi. Meneja alisimama nyuma ya kiti chake, akisikiliza.

"Mjomba, umekula?" aliuliza, angalau apate pumzi.

"Nimekula. Sasa nibonyeze au nisibonyeze?"

Meneja alimwekea mkono begani, taratibu. Wiki iliyopita mkono huohuo ulikuwa begani mwa mhasibu, na meza ya mhasibu sasa haina mtu.

"Bonyeza, mjomba."

Pamba ilianza kudondoka kutoka darini, nyeupe, bila hata mbegu moja. Ilimjaa mapajani, ikapanda hadi kifuani. Alichukua kidogo, akaivuta kwa vidole jinsi mjomba alivyomwonyesha utotoni. Nyuzi zilikuwa ndefu.

"Imeingia?" mjomba aliuliza.

"Imeingia."

"Nzuri?"

"Nzuri sana, mjomba. Nimeishika hapa."

Mzee alicheka kwa raha, akamwombea maisha marefu, akakata simu. Meneja alikuwa ameshaita magunia.

Dada wa skripti alinyanyua viwiko ili beleshi lipite. Kwenye skrini, mteja mwingine alikuwa ameandika chumvi.