Damu ya Mjusi wa Ukutani

Mtu akizidi kujisifu, wa kwanza kuchoka ni mkewe. Mhadhiri wa elimu ya wanyama alikuwa amechoka hasa. Mumewe, mhadhiri mwenzake katika maabara ile ile, alikuwa akimtangazia kila aliyepita mlangoni kwamba amegundua malaria mpya ya mijusi. Hata jina la kimelea lilikuwa tayari: jina lake mwenyewe, limeongezewa mkia wa Kilatini.

"Wajukuu zetu watalisoma vitabuni," alisema, kajifunika koti zito mchana wa jua kali, meno yakigongana.

"Watasoma kwamba babu yao alikuwa na homa akakataa kupimwa. Nenda kapime, baba watoto."

"Huu ni uchovu wa akili. Wewe huwezi kuujua."

Mkewe alisonya. Akili! Siku ya kumkata mjusi ncha ya mkia ili apate damu, mjusi aligeuka akamng'ata kidole, na bingwa akazunguka meza akipiga mayowe, mjusi ananing'inia. Alipomng'oa, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo kwa mbwembwe, kana kwamba hakuna aliyemwona.

Sasa alimsogezea hadubini. "Tazama, halafu uniombe radhi."

Mkewe aliinama. Vimelea vilikuwepo kweli, vipete tele ndani ya chembe nyekundu. Wivu ulimchoma, hana haja ya kuuficha. Kisha akazitazama chembe zenyewe. Chembe za mjusi ni ndefu kidogo kama punje ya mchele, kila moja na kiini katikati. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Hizi zilikuwa duara, na kiini hamna.

Akaangua kicheko hadi akashika meza. Halafu macho yake yakaangukia kile kidole chenye bandeji, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Kidole kilivuja damu?"

"Kidogo. Kwani?"

"Mjusi wako hana neno. Chembe hizi ni za binadamu. Hii damu ni yako."

Mumewe alijikunyata ndani ya koti. Kisha akauliza kwa sauti ya mtoto aliyenyang'anywa kitu:

"Kwa hiyo si spishi mpya?"

Mkewe alikuwa ameshashika funguo za gari, machozi ya hasira na hofu yakimlengalenga.

"Si mpya, mpumbavu wangu. Ni ile ile ya zamani inayozika watu. Nyanyuka twende."