Mkasi wa Ijumaa

Saandia aliutoa mkasi katika maji yanayochemka kwa koleo, akaukung'uta, akaulaza juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Kando yake aliweka tupa ndogo, jiwe la kusugulia visigino na kijiti cha kusafishia chini ya kucha. Kijiti kilitumika kwa mtu mmoja tu, kisha kilitiwa motoni. Beseni lilikuwa limeoshwa kwa dawa ya javeli na kusuuzwa, na chumba kizima kilinuka kama wodi.

Kazi hiyo alijifunza Mutsamudu, katika hospitali ya Hombo, alikokuwa akichemsha vyombo vya wauguzi kabla ya kuolewa Moroni, kisiwa kingine. Mumewe alipofariki alipanga chumba nyuma ya soko la Volo Volo, akawa anapaka maharusi hina na kuwatengeneza kucha. Wanawake walisema mkono wake ni mwepesi na sheria zake ni nzito. Vipande vya kucha hakuvifagia nje. Aliviweka katika kopo la maziwa na kuvizika chini ya mlimau uani, kama inavyopasa, kwa kuwa kilichotoka mwilini mwa mtu hakiachwi kikanyagwe.

Mteja wa kwanza kila Ijumaa alikuwa Kapteni.

Kapteni alikuwa mmoja wa mamluki wa Kizungu walioingia visiwani na bunduki mwaka 1978, wakabadilisha serikali, kisha wakabaki kuilinda. Alisilimu ili aoe, na mwalimu aliyemfundisha kutawadha alimwambia kwamba Ijumaa ni siku njema ya kukata kucha. Kwake yeye hilo lilikuwa la lazima. Kwa wiki moja kucha zake ziliota kiasi ambacho za mtu mwingine huota kwa miezi, na wala hazikuwa zake. Kila mtu aliyehojiwa naye kambini alimwachia ukucha mmoja. Kidole cha pete kilikuwa na ukucha mpana wa mvuvi, uliochongwa na mshipi. Cha kati kilikuwa na ukucha wa fundi wa magari, wenye oili isiyotoka kwa sabuni. Kapteni hakueleza lolote, na hapakuwa na aliyemwuliza. Alilowesha vidole katika beseni na kuutazama mkasi.

"Umechemshwa?"

"Umechemshwa, Kapteni."

"Vizuri. Nchi hii ina vijidudu vingi. Hapa kwako tu ndipo ninapoweza kukaa."

Benchi la ukutani lilijaa wanawake asubuhi hizo. Wengi hawakuwa na haja ya kutengenezwa kucha. Walikuja kuangalia mikono ya Kapteni wakijifanya kusuka ukili au kuzungumzia bei ya mchele. Yeye alipoondoka, Saandia alipanga vipande juu ya kitambaa, na kila mwanamke akachukua cha mtu wake, akakifunga katika ncha ya leso. Mwenye kipande alikwenda kwake akapika. Asiyepata kitu alibaki amekaa.

Koultoumi, muuza vitambaa wa Volo Volo, ndiye pekee aliyekuja kwa ajili ya kucha zake mwenyewe.

"Mnanichelewesha," alikuwa akiwaambia. "Mume wangu Saïndou anazitafuna zake mpaka nyama. Ninyi mnazililia kucha, mimi namlilia aziache."

"Mshukuru Mungu kwa hilo," walimjibu.

Mwezi wa Juni, kwenye gumba la kulia la Kapteni, uliota ukucha uliopasuliwa katikati na mstari ulioinuka kama mshono. Saandia aliujua. Ulikuwa wa kaka yake Allaoui, mwalimu wa sayansi, aliyechukuliwa shuleni baada ya karatasi za kuipinga serikali kukutwa katika kabati la darasa. Allaoui alipokuwa mtoto huko Patsy, juu ya Mutsamudu, kifuniko cha mtambo wa kukeneka maua ya langilangi kilimwangukia kidoleni, na tangu hapo ukucha ule ukawa unaota hivyo.

Saandia aliukata kama alivyokata mingine. Kapteni alipoondoka, alikifunga kipande hicho katika ncha ya leso yake mwenyewe.

Muuguzi mmoja wa Hombo aliwahi kumwambia kwamba kucha za maiti haziendelei kuota. Ni ngozi inayorudi nyuma. Basi ukucha unaoota una mwenyewe aliye hai. Saandia alimtumia mama yake, Bibi Echat, huko Patsy kipande kile kwa mkono wa msafiri, pamoja na maelezo. Bibi Echat alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili na hakuwa mtu wa kuridhika upesi. Msafiri alirudi na kipande na jibu.

"Mama anasema kilichokatwa hakisemi kitu. Anasema umpelekee kinachoota."

Wakati huo huo msimu wa harusi ulianza, na mkaa ukaadimika sokoni. Ijumaa moja, baada ya Kapteni kuondoka, aliletwa bibi harusi aitwaye Hayati, na bibi yake akiwa na haraka. Mkaa wa mwisho ulikuwa umekwisha. Saandia aliupangusa mkasi kwa spiriti, akaushika mkono wa msichana, na kwa bahati mbaya akamjeruhi kidogo kwenye kidole cha pete.

Kesho yake Hayati aliamka na ukucha wa mvuvi. Bibi yake aliuangalia mwangani, akasema hina ipakwe mpaka kwenye kiungo na pete itafutwe iliyo pana. Harusi ikaendelea. Mama wa mvuvi alikuja kutoa pongezi, akaushika mkono wa bibi harusi, na hakuuachia mpaka chakula kikapoa. Watu walikula hivyo hivyo.

Ijumaa iliyofuata kidole cha pete cha Kapteni kilikuwa na ukucha wake mwenyewe, mdogo na wa waridi. Alikiinua mbele ya macho ya Saandia.

"Ukucha wa hapa umekwenda wapi?"

"Sijui, Kapteni. Mimi nakata tu."

Kapteni aliinuka, akafunua sufuria, akatazama maji.

"Siku nikikuta kitu changu kwenye mkono wa mtu mwingine," alisema, "nitajua kimetoka katika chumba hiki. Na mkono huo nitauchukua."

Alikaa tena akanyoosha vidole. Wanawake wa benchini waliinamia ukili wao. Hayati hakutoka nyumbani kwao tena. Watu waliambiwa ana homa.

Kwa siku kadhaa Saandia alichemsha kila kitu mara mbili, hata koleo. Alichemsha hadi kitambaa. Alilala vibaya, na gari lolote lililopunguza mwendo karibu na soko lilimfanya ashike ukingo wa meza. Alikuwa mtu wa kupima mambo, akalipima na hili. Ukucha ukibaki kwa Kapteni, mama atakufa bila kujua. Ukihamia kwake, Kapteni ataukuta kwa kuwa ni Saandia anayemshika mikono kila wiki.

Ijumaa iliyofuata mkaa ulikuwepo na maji yalichemka. Kapteni alipoondoka, Saandia aliuchukua mkasi kama ulivyokuwa na kujikata kando ya ukucha wa gumba.

Ukucha wake uling'oka bila maumivu. Jumapili ukaota mwingine, wenye mshono katikati.

Alitaka kwenda kwa mama yake siku hiyo hiyo, lakini ndege ilikuwa imechukuliwa na wanajeshi, na chombo cha baharini hakikupatikana. Ijumaa ikamkuta Moroni. Alifunga gumba kwa bendeji nene iliyoloweshwa ayodini, akaanza kazi.

Kapteni aliliangalia gumba lake mwenyewe kwa muda, kisha la Saandia.

"Hicho ni nini?"

"Mdudu wa kidole, Kapteni. Kimetunga usaha."

"Fungua nione."

Hakuna aliyesogea benchini. Saandia alianza kufungua bendeji polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Ulipobaki mmoja, Koultoumi alikohoa.

"Dada Saandia, mpe Bwana Kapteni nafasi kwanza. Usaha ule wa jana si uliruka mpaka ukutani? Mimi mwenyewe nimeoga mara mbili."

Kapteni alirudisha kiti nyuma. Alitoa mikono yake katika beseni, akaipangusa kwa leso yake, na kuamuru kidole kifungwe tena, kifungwe vizuri. Siku hiyo alikatwa kucha na Saandia aliyevaa glavu za mpira, naye akageuzia uso dirishani.

Wiki ile ndege ilipatikana. Saandia alishuka Mutsamudu, akapanda teksi ya kuchangia hadi Hombo na nyingine hadi Patsy. Mama yake alikuwa kibarazani. Hakuuliza habari za safari.

"Lete."

Alilishika gumba kwa vidole vyake vyote, akaupapasa mshono kutoka chini hadi juu.

"Ni yeye," alisema. "Kifuniko kile nilikiinua mimi."

Kila asubuhi Bibi Echat aliupapasa ukucha kabla ya kunywa chai. Ulikuwa ukiota kwa kasi, kama ulivyoota kambini, na yeye mwenyewe aliukata kwa wembe na kuzika vipande karibu na mlango. Aliuzungumzisha kuhusu mihogo na paa linalovuja. Wakati mwingine aliukaripia kwa ajili ya zile karatasi. Majirani waliopita walimsalimu Saandia, kisha wakalisalimu gumba.

Asubuhi moja mama alipapasa, hakuchukua wembe. Kesho yake akapapasa tena.

"Haujasogea," alisema.

Walimwita mwalimu wa msikiti. Aliubonyeza ukucha, akangoja damu irudi chini yake, haikurudi. Alisema sala ya maiti asiyekuwepo inafaa. Alisema pia kwamba itasaliwa ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, na jina halitatajwa, kwa sababu wiki iliyopita kijijini kilikuja kikosi kuuliza majina. Ikasaliwa hivyo. Bibi Echat alifunga mlango mwenyewe na baadaye akaufungua mwenyewe.

Ukucha haukudondoka. Saandia alirudi nao Moroni chini ya bendeji.

Ijumaa Kapteni alikuja kwa wakati wake.

"Hakijapona tu?"

"Bado, Kapteni."

Alilowesha mikono. Kwenye gumba lake la kulia palikuwa na ukucha mpya, mfupi sana, uliotafunwa mpaka nyama. Saandia aliusafisha. Hapakuwa na ukucha wa kukata, ila alipunguza ngozi ya kando kwa mkasi. Benchini Koultoumi alikuwa amekaa katikati ya wengine, na kwa mara ya kwanza alikuwa na ukili mkononi. Hakuwa amefungua duka, wala mumewe hakuonekana, tangu Jumanne.

Kapteni aliyasifu maji, akaisifu meza, akatoka. Saandia aliukunjua mkasi na kusogea penye sufuria.

Koultoumi aliinuka. Alivua pete zake, moja baada ya nyingine, akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto, akaweka mkono wake juu ya kitambaa cheupe.

"Dada," alisema, "huo usiuchemshe."

Saandia aliiepua sufuria motoni. Nje, gari la Kapteni lilikuwa bado halijawashwa.