Honi Tatu Chini ya Monasteri

Kila asubuhi, kuanzia Juni mpaka Septemba, nasimama gatini Orebić na kuulizwa swali lile lile: leo tufanye nini? Utadhani rasi nzima ya Pelješac imefungwa kwa kufuli na ufunguo ninao mimi. Nawajibu. Wenye miguu wapande mlima wa Mtakatifu Eliya, ila waanze kabla jua halijakolea na wabebe maji. Wenye matumbo waende Mali Ston wakale chaza. Wenye kiu washuke Dingač, ambako mizabibu imeng'ang'ania mteremko mkali mpaka unawaonea huruma wanaoichuma. Wenye watoto wadogo wabaki ufukweni Trstenica. Na wale wasiojua wanachotaka, hao ndio riziki yangu. Wapande boti yangu, niwazungushe kwenye vighuba, waogelee mara tatu, wale dagaa wa kuchoma na vipande vya tikiti maji, na saa kumi jioni niwarudishe wakiwa wekundu na wameridhika.

Jina langu Baldo. Nina miaka hamsini na miwili, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na moja. Baba yangu, Nahodha Stijepo, aliyezunguka dunia na meli za mizigo, aliiita kazi yangu kulea watu wazima. Boti yangu aliiita beseni. Miaka yote hiyo hakuwahi kutia mguu ndani yake.

Sisi hapa ni watu wa meli. Juu ya mji, katikati ya miti ya misipresi, ipo monasteri, na tangu enzi za matanga nahodha wa kwetu akipita mlango wa bahari kuelekea nyumbani hupiga honi mara tatu, na kengele ya monasteri humjibu. Haijibu meli, inamjibu nahodha. Safari ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mtu akishajibiwa siku hiyo, amemaliza. Anashuka, anakwenda kukaa na wenzake kwenye benchi la gatini, na anakaa hapo mpaka Mungu atakapomwita.

Baba hakujibiwa. Meli yake ya mwisho iliuzwa ikiwa kwenye bandari ya mbali, mabaharia wakapewa tiketi za ndege, na yeye akafika nyumbani kwa basi la saa nane mchana, sanduku mapajani. Mama, Mungu amrehemu, alituambia kwamba alisimama kituoni kwa kitambo akiutazama mlima, halafu akauliza kuna nini cha kula. Tangu siku hiyo alikwenda gatini kila jioni kupiga soga na wazee, lakini alisimama. Mkono kwenye mgongo wa benchi, miguu imepanuliwa kidogo, saa nzima amesimama. Wenzake walimtania, wakimuuliza kama basi lile nalo lilipiga honi. Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Na mimi, badala ya kumpunguzia, nikamwongezea. Mwaka wangu wa tano kazini nilikuwa na Waitaliano wengi botini, nikawahadithia habari za kengele, na kwa kutaka sifa nikapiga honi mara tatu chini ya monasteri. Honi yangu hulia kama mbuzi aliyekanyagwa. Waitaliano wakainua kamera zao wakasubiri. Kengele kimya. Wakazishusha. Bi Jele, anayetunza ufunguo wa mnara, akasema mjini kwamba yeye hawapigii kengele wauza matikiti, na benchi likacheka kutoka vuli mpaka majira ya kuchipua. Baba hakusema nami mpaka Pasaka.

Agosti hii daktari akasema macho ya baba yamefika mwisho. Anaona mwanga, anaona vivuli, basi. Dada yangu Dubravka, muuguzi kule Rijeka, akasema atamchukua akakae naye, nyumba ya chini isiyo na ngazi. Nilitaka kubisha, lakini niko baharini kutwa nzima na ngazi za nyumba yetu ni arobaini na moja. Baba mwenyewe alikubali upesi, bila hata kulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Dubravka alikuwa aje na gari Jumatatu. Nikajiambia, mzee huyu hataondoka hapa bila kengele yake.

Nikapanda kwa Bi Jele siku ya Ijumaa. Ana miaka sabini na minane, mumewe alikuwa nahodha, kaka zake wawili manahodha, na ulimi wake ungeweza kumenya viazi. Nikamwamkia, akaitikia na kuniuliza matikiti yanakwendaje. Nikaimeza kejeli hiyo. Nikamweleza habari za baba, nikamwomba apige kengele Jumapili saa kumi nitakapopita naye.

"Kwa sababu anaondoka?" akauliza.

"Kwa sababu anaondoka, Bi Jele. Na haoni."

"Basi sipigi. Baba yako siyo maskini wa kuombewa sadaka. Kengele ya huruma ataijua, hata awe kiziwi juu ya upofu." Akaendelea kusugua vinara vyake. Kisha, bila kunitazama, "Ukitaka nipige, watu warudishwe nyumbani na yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani. Nitatazama kwa darubini ya marehemu. Nikimwona yeye kwenye usukani, napiga. Nikikuona wewe, nafunga dirisha."

Nilishuka nimekasirika, lakini alikuwa amesema kweli.

Kumshawishi baba kulichukua jioni nzima. Sikumwambia habari za kengele. Nilimwambia tu aje azunguke pwani yake kabla hajaenda Rijeka. Akaniuliza ataona nini na macho haya. Nikasema basi aje asikie. Jumapili asubuhi akashuka zile ngazi arobaini na moja akiwa amevaa shati lake jeupe la unahodha, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mimi nikamkalisha mahali pekee palipobaki: kati ya Bwana Kadlec, mkaguzi wa lifti kutoka Brno, na flamingo mkubwa wa plastiki wa kuogelea, wa rangi ya waridi, ambaye Bwana Kadlec alimjaza upepo tangu gatini.

"Huyu jirani yangu mbona hasemi?" baba akauliza, akimpapasa flamingo shingoni. Boti nzima ikacheka, na nikapumua.

Lakini mkono wake mmoja ulishika nguzo ya kibanda cha usukani na haukuiachia. Ndivyo alivyo. Garini mwangu hushika dashibodi, ndani ya basi hushika kiti cha mbele. Tukiwa wadogo alitufundisha kwamba nahodha akiwa safarini lazima ashike kitu, kwa sababu wakati wowote anaweza kuhitajika. Ni wakati mmoja tu anapotia mikono nyuma: akishamkabidhi mwenzake meli, ili kila aliye melini aone kwamba amri si yake tena.

Mchana ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema dagaa wangu wana chumvi nyingi, akala tisa. Bwana Kadlec alipouliza ule ukuta mweupe pale pwani ni wa nini, baba akamweleza, kisha akaendelea na nyumba iliyofuata, na pango, na jiwe ambapo mashua ya babu yake ilipasukia, yote kwa mpangilio, na hakuna hata kimoja alichokiona. Alikuwa anahesabu mwendo wa injini yangu. Wageni wakasogea karibu yake. Miaka ishirini na moja nawahadithia watu pwani hii, na hakuna aliyewahi kunisogelea hivyo.

Saa tisa kasorobo tulikuwa upande wa Korčula, maili mbili hivi kutoka nyumbani. Baba akainua pua. "Nevera," akasema. Nami nilikuwa nimeshaiona: wingu jeusi upande wa magharibi, la chini, linakuja mbio. Nevera ni dhoruba ya kiangazi. Inakuja bila hodi, inavunja inachoweza, inaondoka.

Akasimama, akapapasa mpaka mlangoni pa kibanda. "Elekea nyumbani. Fungulia injini yote, utafika kabla yake."

"Hapana, baba. Naingia nyuma ya kisiwa cha Badija."

"Maili mbili tu!"

"Hii siyo meli ya chuma. Nina watu ishirini na watatu, watoto sita, na mama mmoja mjamzito."

"Kwa hiyo unajificha."

"Ndiyo, najificha."

Aliguna kwa namna niliyoijua tangu utoto, ile inayomaliza mazungumzo. Nikageuza usukani, nikaingia nyuma ya kisiwa, nikatupa nanga mbili. Nikawavisha wote majaketi ya uokozi, nikawaambia hii nayo imo kwenye bei, nikagawa keki ya tini. Kisha mvua ikashuka. Upepo ukamnyakua flamingo, tukamwona mara moja juu ya misonobari, akielekea Mali Ston, na Bwana Kadlec akaagana naye kwa heshima zote. Watoto wakacheka badala ya kulia. Nje kwenye mlango wa bahari maji yalikuwa meupe matupu. Mashua ya matanga ilipita pale ambapo tungekuwa sisi, tanga limechanika, watu wawili wamelala chini wameshikana.

Baba alisikiliza yote hayo kwa dakika arobaini. Mara moja tu aliuliza. "Nanga ngapi?"

"Mbili."

"Kamba?"

"Mita arobaini kila moja."

Hakuguna.

Bahari ilipotulia tukatoka. Jua likarudi, milima ikaoshwa, wageni wakaanza kupiga picha. Nilipoiona monasteri nikapunguza mwendo.

"Baba, njoo ushike usukani."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba Bi Jele yuko dirishani na darubini ya mumewe. Kwamba akimwona yeye kwenye usukani atapiga kengele. Ile safari ya basi, nikasema, tuimalize leo.

Uso aliuelekeza mlimani, mahali hasa ilipo monasteri, ingawa najua kwake ilikuwa kivuli juu ya kivuli. Alikuwa ameitamani kengele ile miaka kumi na minane, na sasa iko mbele yake, hatua moja tu.

Akaiachia nguzo. Nikasogea kumpisha. Lakini hakuja. Alisimama wima pale mlangoni na kutia mikono nyuma.

"Leo nani amewaleta hawa nyumbani?" akauliza.

"Baba, hatapiga. Akiniona mimi atafunga dirisha, ameniambia mwenyewe."

"Sijakuuliza habari za Jele. Nimeuliza nani amewaleta."

"Mimi."

"Basi piga honi, nahodha."

Hajawahi kuniita hivyo, hata kwa mzaha. Nikapiga. Mbuzi yule akalia mara tatu, sauti ikagonga mlima na kurudi. Kisha kimya. Nilihesabu mpaka ishirini, na kila namba ilinichoma, kwa sababu kengele iliyokosekana pale ilikuwa yake, siyo yangu, na ni mimi niliyeipoteza. Bwana Kadlec akauliza kama kuna hitilafu.

Ndipo ikalia. Nzito, ya taratibu, ikashuka kupitia misipresi mpaka majini. Ikanyamaza kidogo, nikadhani mikono ya Bi Jele imechoka, kisha ikaanza upya. Baba alisimama na machozi yanamtiririka, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa bado nyuma.

Jumatatu Bi Jele akashuka gatini kumuaga, amefunga jibini ndani ya kitambaa. Dubravka alipokuwa anapanga mizigo garini nikamvuta Bi Jele kando. Nikamuuliza mbona alipiga, wakati aliniona mimi kwenye usukani.

"Niliiona mikono yake," akasema. "Mume wangu alisimama vile vile siku anakabidhi meli. Nahodha hamkabidhi muuza matikiti." Akanitazama juu mpaka chini, kama mtu anayekagua samaki. "Na anayekabidhi amemaliza safari. Nikampigia yeye kwanza. Halafu nikakupigia wewe. Au hata kuhesabu mpaka mbili hujui?"

Nikageuka kumtafuta baba, ili nimwambie, nikaona hakuna haja.

Alikuwa amelifikia benchi peke yake, akihesabu hatua. Aliupapasa mgongo wake, kama alivyofanya kila jioni. Wazee waliacha maneno yao. Kisha wakasogea, mmoja baada ya mwingine, mpaka nafasi ikapatikana, na baba yangu akakaa. Dubravka alipiga honi ya gari mara mbili kumharakisha, na hakuna mzee hata mmoja aliyemtania habari za basi.