Adolphe na Benedicte Wahamia Area 25

Jumatatu jioni, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Annonciata alilisomea darasa lake la watu wazima riwaya ya zamani mpaka ikabaki sura moja, akaifunga. Humo kitabuni Adolphe na dada yake Benedicte, vibarua kwenye shamba la mtu mwingine, walikuwa bado wanaota duka la kushona lenye mlango wa barabarani.

"Batafika ao habatafika? Munipe sababu," Annonciata aliwauliza wanafunzi.

Yeye jibu alikuwa nalo, akaliandika ubaoni kwa hasira: Hawatafika. Aliwahi kuwa na duka kama hilo mtaa wa Area 25, mjini Lilongwe, mpaka ilipotoka amri kwamba wakimbizi warudi kambini. Alipandishwa lori na mkasi mkononi.

Wanafunzi wake ni watu wa chumba cha maombi. Kwao kutabiri hakuhitaji sababu, kunahitaji maombi. Mama Orpa wa Fizi aliweka mkono juu ya kitabu, wengine wakaweka yao juu ya wake, wakaomba mpaka jalada likalowa jasho.

"Hii ni somo, haiko kanisa," Annonciata alifoka.

Asubuhi Adolphe na Benedicte hawakuwamo kitabuni. Palipokuwa na majina yao palikuwa peupe, na mwenye shamba alikuwa akimtukana mtu asiyekuwepo. Waendesha kabaza wawili, wale wa baiskeli za abiria, waliwafikisha ndugu hao Lumbadzi, kwenye barabara ya kwenda Lilongwe, na masanduku yao. Walisema abiria hao walinung'unikia vumbi njia nzima.

Wiki iliyofuata Annonciata alipata kibali cha kwenda hospitali mjini. Akiwa njiani, alishuka Area 25. Duka lake lilikuwa wazi. Benedicte alikuwa akishona kwa cherehani ya Annonciata, ile aliyoifunga pedali kwa mpira. Hakuna aliyewadai karatasi, kwa sababu watu wa kitabuni si wakimbizi.

"Hii mashini ni yangu," Annonciata alisema.

"Una kibali cha kuwa huku?" Benedicte aliuliza bila kuinua macho.

Adolphe alikisoma kibali, akamrudishia kwa ncha za vidole. "Hiki ni cha hospitali," alisema, akafunga mlango.

Jioni hiyo darasa zima lilimwekea Annonciata mikono. Waliomba kwa nguvu ileile ili naye afike, Mama Orpa akalia kweli. Annonciata aliona aibu, kisha akatumaini, na kutumaini kukamuudhi zaidi. Mikono ilipoondoka, alikuwa bado Dzaleka, chini ya bati lilelile.

"Mukae," alisema.

Alilifuta neno lake ubaoni, akaandika: Walifika. Akawaambia wanakili.