Imakulata na Fidla ya Masista

Padri mpya alipoamua kusafisha stoo ya misheni, alikuta panya, majoho yaliyoliwa na mchwa, na fidla. Panya aliuawa, majoho yakachomwa moto, na fidla akapewa Eustace katekista aende nayo nyumbani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

Eustace aliitia kwenye gunia la maharage, akaifunga nyuma ya baiskeli mpaka Kwihara, akamkabidhi mkewe Imakulata aliyekuwa akipukuchua mahindi uani.

"Mama Hilari, si hii uliyokuwa ukipiga ulipokuwa kwa masista?"

Imakulata aliitazama. Alifundishwa fidla na Sista Gaudensia, Mholanzi mwenye masikio makali na mkono mwepesi, na wote pale misheni walijua kwamba binti huyu naye atakuwa sista. Kisha Eustace akaletwa kupaka chokaa ukuta wa bweni. Kazi ya siku mbili ikachukua mwezi. Imakulata aliondoka na sanduku lake, fidla ikabaki. Tangu hapo alizaa, akalima karanga, akazika mama yake, na fidla hakuitaja hata siku moja. Eustace alidhani ameisahau.

"Ndiyo hii," alisema Imakulata, akaendelea kupukuchua hadi kikapu kikajaa. Kisha akanawa mikono, akaichukua ndani na kufunga mlango.

Uzi mmoja ulikuwa umekatika, akauunga, lakini upinde wa kupigia haukuwa na nywele. Nywele zake hutakiwa ziwe za mkia wa farasi, na Tabora farasi hawakai kwa sababu ya mbung'o. Imakulata akaenda kwa jirani yao Masele, aliyekuwa na ng'ombe mweupe, akamwomba nywele za mkia.

"Za nini?"

"Za kupigia muziki."

Masele alifikiri kidogo. "Chukua. Ila ng'ombe usimwambie."

Siku alipopiga kwa mara ya kwanza, Eustace alitoka mbio na fimbo akidhani kicheche kaingia bandani mwa kuku.

"Ni mimi," alisema Imakulata.

"Nimeona," alijibu Eustace, akairudisha fimbo mahali pake.

Kichwani mwa Imakulata wimbo ulikuwa mzima, kama alivyouacha. Kilichotoka kwenye fidla kilikuwa kitu kingine. Vidole vilikwisha kuwa vya jembe, na kile kidogo kilikataa kabisa kunyooka. Alilia kidogo, akaenda kuteka maji. Kesho yake akapiga tena. Majirani walipoanza kuja kumjulia hali mgonjwa waliyedhani analia, alihamia shambani, akawa anapiga kati ya matuta ya karanga. Msimu ule kunguru hawakumsumbua.

Karanga zake alimuuzia Kuluthumu, mpika kashata wa mtaa wa Ng'ambo mjini. Siku moja Kuluthumu alimkalisha kwenye mkeka na kumpa chai kabla hata ya kuuliza bei, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Dada, Tatu wangu anaolewa. Mpiga fidla wa kundi la taarabu la Abbasi fundi cherehani amekwenda Kigoma, amemfuata mke. Mke wa nani, sikuuliza. Nasikia wewe unapiga."

"Nani kakwambia?"

"Kila anayetoka Kwihara."

"Wamekwambia napiga vipi?"

"Wamesema unapiga kwa nguvu."

Eustace alipoambiwa alikuna kidevu. "Padri akiniuliza?"

"Mwambie fidla alikupa yeye."

Basi Imakulata akawa anakwenda kwa Abbasi. Mzee yule aliacha cherehani, akauimba wimbo kwa pua, naye akaufuata kwa fidla, mara baada ya mara, mpaka wateja waliokuja kupimwa nguo wakawa wanaujua. Aliujua huo mmoja tu. Kabla hajafundishwa mwingine, siku ya harusi ikafika.

Alasiri ile ua wa Kuluthumu ulijaa wanawake. Imakulata aliketi nyuma ya Abbasi aliyepakata udi wake wa nyuzi, akaweka fidla chini ya kidevu, akapiga. Katikati ya wimbo kidole kidogo kilinyooka chenyewe, kikagusa pale panapotakiwa. Sauti ikatoka safi. Alishtuka, nusura aache. Hakuacha.

Wimbo ulipokwisha, wakapiga vigelegele, wakataka mwingine.

"Unajua upi tena?" Abbasi alinong'ona.

"Za kanisa."

"Wenye furaha upo?"

Imakulata alipekua kichwani. Uliobaki mzima vidoleni ulikuwa wimbo wa maziko, maana enzi za Sista Gaudensia watu walikufa sana na mazoezi hayakukosekana.

"Upo," alisema.

Alianza. Mpiga ngoma akaudaka na kuukaza mwendo. Shangazi zake Tatu wakainuka, wakajifunga kanga viunoni. Bibi harusi alilia, lakini bibi harusi wote hulia.

Nje, Eustace alikuwa na sahani ya pilau mkononi. Aliutambua kabla ya mstari wa pili, akaacha kutafuna.

"Wimbo mtamu huu," alisema mtu aliyesimama naye. "Unahusu nini?"

Eustace alikuwa katekista, hakusema uongo. "Safari," alijibu.

Jioni walirudi, Imakulata nyuma ya baiskeli, fidla mapajani. Walipoupita mji, Eustace alisema, "Umeupiga haraka mno."

"Waliokuwepo walikuwa hai."

Eustace akaendelea kukanyaga. Mbele kidogo akasema kwamba ule wa kwanza ulikuwa mzuri sana, na kwamba hakujua mkewe anaweza hivyo.  Imakulata alishukuru kwamba mumewe amempa mgongo, asimwone uso.

Jumamosi iliyofuata alirudi kwa Abbasi kujifunza mwingine, na zote zilizofuata hivyo hivyo. Eustace alimsubiri kwenye benchi la wateja. Mvua zilipoanza, alikuwa akimshonea Abbasi vifungo, na mzee akasema si vibaya.