Shamba la Mwanaasha

Arobaini ya Mwanaasha ilipopita, Stambuli alijua siku zake mlimani zinahesabika. Kwa Waluguru shamba ni la ukoo wa mama. Mume huja na jembe lake, na mke akifa huondoka nalo. Lakini Mwanaasha alikuwa amelala pale pale, kando ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake. Alirudi kutoka kubeba mawe ya barabara ya boma akitema damu, na wenye boma hawakumletea hata sanda. Stambuli hakuwa tayari kumwacha peke yake.

"Shemeji," alisema Dadi, kaka wa marehemu na msimamizi wa shamba la ukoo, "umekula ndizi zetu miaka kumi na minane. Hata nyani hushiba akateremka."

"Nyani hana kaburi la kupalilia."

"Tutalipalilia sisi. Mahindi yakivunwa, rudi kwa mama zako."

Wiki ile ile akida alipanda mlima na Mjerumani mwenye miwani na daftari.

"Bwana huyu hakuja kwa kodi," akida alisema. "Ametumwa na chuo kikuu cha kwao. Wanasomea namna ya kumwendeleza Mwafrika."

"Mke wangu walishamwendeleza," alisema Stambuli. "Yule pale, chini ya udongo."

"Funga domo, mzee. Bwana anauliza, shamba hili la nani?"

Dadi alikuwa bondeni. Stambuli alilitazama kaburi, akalitazama daftari. Jina likishaingia kwenye kitabu cha Mzungu, nani atamfukuza?

"Langu."

Wakampaka wino kidoleni, akagandamiza pale alipoonyeshwa. Hakuuliza karatasi inasema nini. Nani angemjibu?

Siku ya tatu askari walikuja na vigingi vya kupimia. Chuo kilikuwa kimepata bustani ya kujaribia mbegu, na mwenye shamba alikuwa ameridhia. Dadi alipanda mbio, wanawake wa ukoo nyuma yake.

"Shemeji, umetuuza?"

"Sikuuza! Nilitaka kukaa tu." Stambuli akamgeukia akida. "Mwambie bwana nilisema uongo. Shamba ni la mke wangu na ndugu zake."

Akida alitafsiri. Mjerumani akatabasamu, kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Bwana anasema mwanamke hana ardhi. Na daftari halifutwi."

Dadi hakutukana. Aliokota mkungu mmoja wa ndizi, akawatangulia wanawake kuteremka. Hakuna aliyegeuka.

Hivyo ndivyo bustani ya chuo ilivyoanza. Migomba ilikatwa siku hiyo hiyo. Jumatatu vibarua walipopangwa, jina la Stambuli liliitwa la kwanza, akapewa jembe na kipande chake cha kulima. Kigingi cha pembeni cha kipande hicho kilikuwa kimepigiliwa kichwani pa kaburi.

"Kahawa, mistari iliyonyooka," akida alisema. "Usiruke mahali."

Alikuwa ametaka kukaa. Akakaa.