Barazani kwa Heliamu Nne

Usiku wa jana niliota nimekuwa kiini cha heliamu tatu: protoni wawili na neutroni mmoja, wote mimi. Nilivaa kandambili zangu za bluu na nilishika tochi.

Safari ilikuwa ya kikazi. Hesabu ya tasnifu yangu, ya jinsi heliamu nne inavyoipokea heliamu tatu, wakaungana na kutoa nuru, inayofuata kila chembe peke yake, ilikuwa ikitoa nusu tu ya kiwango cha muungano kilichopimwa maabara. Dakta Mwasumbi, msimamizi wangu, alikuwa amesema namba ikibaki hivyo hadi Alhamisi, sihitimu mwaka huu.

Nafika nyumbani kwa heliamu nne, protoni wawili na neutroni wawili. Baraza yao ni ndefu kupita kiasi. Protoni aliyeketi hapo ananiambia kwamba mgeni hutoa nuru. Nawasha tochi, anaichukua nuru, ananirudishia tochi. Mimi nayaona hayo kuwa adabu tu za wenyeji, siyaandiki.

Ukuta wa nyumba ni mrefu, na kwa nguvu zangu siwezi kuupanda. Nausukuma mara nyingi, unanirudisha. Kisha najikuta upande wa pili, na ukuta hauna hata ufa.

Ndani tuko saba, kila mmoja na kiti chake. Protoni wawili wanabadilishana viti. Wanafanana kabisa, lakini kila wanapobadilishana sakafu inasema, “Hasi.” Hakuna anayeshangaa; ndiyo kanuni ya protoni, wakibadilishana nafasi alama ya hesabu hugeuka.

Nafungua daftari, naomba waanze kunipokea ili nihesabu. Wanatazamana.

“Dada, ulishapokewa,” anasema neutroni, ambaye hana chaji na hana sababu ya kumpendelea mtu.

“Lini?”

“Ulipotoa nuru. Kule barazani.”

Namweleza kwamba hesabu yangu huishia mlangoni, femtomita kumi, kwa kipimo kidogo kinachopimia viini.

“Msomi mzima,” anasema. “Mgeni asiye na nguvu utampokelea wapi, kama si barazani?”

Protoni wanne wanacheka kwa zamu. Nauliza baraza ina urefu gani. Neutroni ananijibu kwamba miguu ninayo.

Natoka. Baraza sasa ni njia ya mchanga inayopita nje ya chumba changu. Kila hatua ni femtomita moja, na kila hatua naokota nuru kidogo. Hatua ya ishirini bado ipo. Ya arobaini, chembechembe. Ya sitini hakuna cha kuokota. Naacha kandambili ya kushoto hapo iwe alama.

Niliamka kumekucha. Kwenye programu nilifuta kumi, nikaandika sitini. Jibu likalingana na vipimo vya maabara. Nilimpigia Dakta Mwasumbi, nikamweleza kosa. Akaniambia nikapime joho la mahafali.

Nilitafuta viatu. Chini ya kitanda palikuwa na kandambili ya kulia tu. Nilifungua kufuli na komeo, bado vimefungwa kwa ndani kama nilivyoviacha, nikafuata njia ya mchanga, nikihesabu.

Ya kushoto ilikuwa kwenye hatua ya sitini.